Fandi ya indeksi au fandi ya mwaka: ipi ununue kwa pesa ya uzeeni ukiwa Uganda

Ndugu zangu, kabla hujalipia chochote angalia pesilipu yako. Kama bosi anakupeleka NSSF, ule mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, wewe unakatwa asilimia 5 na yeye anaongeza 10, na sehemu kubwa ya pesa hiyo inakaa kwenye bondi za serikali, yaani mkopo unaoikopesha serikali kwa riba. Yaani bondi ushakuwa nazo tele hata kama hujawahi kununua hata moja, na mimi naona hapo ndo uamuzi wote unapoanzia.

Namba moja kwa mwenye NSSF, maana bondi anazo tayari na anachokosa ni hisa: fandi ya indeksi, yaani mfuko wa pamoja wa uwekezaji unaofuata orodha ya hisa. Inanunua hisa zote za orodha fulani, mfano kampuni kubwa kama 500 za Marekani kwenye orodha ya S&P 500, na ada yake ni kidogo mno, ile ya kampuni ya Marekani ya Vanguard inayoitwa VOO inakata asilimia 0.03 kwa mwaka, kwa dola 1,000 ni senti 30 tu. Ila 2008 indeksi hiyo ilishuka kama asilimia 37 mwaka mmoja, kwa hiyo ni ya mtu mwenye miaka 20 au 30 mbele yake, ukiwa umebakiza mitano tafadhali sana usiweke yote huko. Halafu kuna kodi, hapa watu wanaumia bila kujua: fandi iliyosajiliwa Marekani, gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) likija kwako Mganda wanakata asilimia 30, na ukifariki mali yako ya kule ikiwa imepita dola 60,000 watoto wanaweza kudaiwa kodi ya mirathi. Indeksi hiyohiyo ipo kwenye fandi zilizosajiliwa Ayalandi, kule gawio linakatwa 15 ndani ya fandi na ile ya mirathi ya Marekani haikugusi. Mimi ningetafuta hiyo.

Namba mbili ni fandi ya mwaka, zile zenye 2045 au 2055 kwenye jina, yaani mwaka unaopanga kustaafu. Inaanza na hisa nyingi, mwaka ukikaribia inajipunguzia hisa yenyewe na kuongeza bondi. Kwa mama anayeuza nguo soko la Owino, hana NSSF na hana muda wa kufuatilia soko, hii inapanda inakuwa namba moja kabisa. Shida ni kuipata, maana nyingi haziuzwi kwa mtu anayeishi nje ya Marekani, uliza kwanza kabla hujafungua akaunti. Na mwaka usiuchague kwa mazoea ya kule, wao wanahesabu kustaafu kama na 65, sisi NSSF inatoa ukifika 55, so uliyezaliwa 1990 unayetaka kupumzika na 55 chukua 2045, sio 2055.

Ya mwisho kabisa, ambayo mimi siishauri, ni kununua zote mbili. Fandi nyingi za mwaka ndani zimejaa indeksi zilezile, unaishia kuwa na hisa nyingi kuliko ulivyopanga na hata hujui.

Na usitume dola kila wiki, makato ya benki yatakumaliza, kusanya ya miezi mitatu ndo utume.