Uzoefu wangu wa kupandikiza nywele kwa FUE: mbele, utosini na kisogoni

Mbele nyota nne kati ya tano, utosini tatu, kisogoni nne na nusu. Nimegawa alama kwa sababu kichwa kimoja hutoa matokeo tofauti sehemu kwa sehemu, na anayekupa alama moja ya jumla huenda hajajiangalia kwa vioo viwili. Kisogo wengi hawakiulizi, ilhali ndicho kinachoonyesha kama aliyefanya kazi alikuwa makini au alilipua.

Nilichofanyiwa ni FUE: vipandikizi, yaani vikundi vidogo vya nywele pamoja na mizizi yake, vinatolewa kisogoni kimoja kimoja kwa kitoboleo cha mviringo chenye upana wa milimita 0.8 hadi 1. Njia iliyotangulia, FUT, hukata mkanda mwembamba wa ngozi, jeraha likashonwa, kisha mizizi ikachambuliwa kwa hadubini. FUT huacha kovu la mstari. FUE huacha vidoa vidogo vilivyotawanyika. Ukinyoa kwa mashine namba moja, vidoa hivyo vinaonekana kwa anayevitafuta, kwa hiyo usidanganywe kwamba njia hii haina kovu. Nywele zikiwa ndefu zaidi kidogo vinafichika, kama kisogo hakikukombwa.

Operesheni hii haiongezi nywele. Inazihamisha tu. Upara wa kurithi unatokana na homoni ya DHT, ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni. Homoni hiyo hudhoofisha mizizi ya mbele na utosini, lakini ile ya kisogoni na juu ya masikio huistahimili. Miaka ya 1950 Norman Orentreich, daktari wa ngozi wa New York, alionyesha kwamba mzizi ukihamishwa huendelea na tabia ya ulikotoka. Biashara yote ya kupandikiza imesimama juu ya jambo hilo. Ndiyo maana pia hesabu ya kisogo ndiyo hesabu ya kwanza.

Hesabu yenyewe ni hii. Kipandikizi kimoja ni kikundi cha nywele moja hadi nne, kwa wastani kama mbili. Kisogo kizuri kina vikundi takriban 65 hadi 85 kwa kila sentimita ya mraba, na ukivuna zaidi ya nusu hivi, uwazi huanza kuonekana. Kwa wanaume wengi akiba ya maisha yote ni kama vipandikizi 4,000 hadi 6,000. Sasa chukua sehemu ya mbele yenye sentimita za mraba 50: ukipanda vipandikizi 40 kwa kila sentimita, vimekwenda 2,000. Utosi uliopanuka unaweza kumeza idadi hiyo hiyo na bado uonekane mwepesi. Hata hivyo 40 ni kama nusu tu ya ujazo wa asili. Inatosha kwa sababu jicho halitambui upungufu mpaka karibu nusu ya nywele iwe imeondoka, lakini usitarajie kichwa cha miaka 17.

Utosi nimeupa tatu, na sababu si uzembe wa mtu. Nywele za mbele hulala kuelekea upande mmoja, zikapandana na kufunika ngozi. Za utosini huzunguka na kutawanyika kutoka kitovu kimoja, hivyo ngozi hubaki wazi pale katikati hata vipandikizi vikiwa vingi. Tena utosi huchelewa: mbele huwa pamekomaa kufikia mwezi wa 12, utosi unaweza kungoja hadi wa 18. Na kuna hatari ya baadaye. Upara ukiendelea kupanuka, nywele zilizopandwa zitabaki kama kisiwa chenye pete ya ngozi pembeni. Mwenye akiba ndogo aanze mbele, utosi auachie dawa.

Wenye nywele za kipilipili wasome hapa kwa makini. Unywele wetu haujapinda nje tu, hata mzizi umepinda chini ya ngozi. Kitoboleo kikishuka wima kama kinavyoshushwa kwa nywele zilizonyooka, kinaukata mzizi katikati, na mzizi uliokatwa huenda usiote tena. Daktari anayejua hutumia kitoboleo kipana kidogo, huzungusha mkono kufuata mkunjo, na huanza na vipandikizi vichache vya majaribio kabla ya kuendelea. Muulize: katika kila mizizi 100, mingapi hukatika kwenye nywele za aina yako? Akijibu sifuri, ondoka. Faida nayo ipo: nywele zilizojikunja hufunika ngozi vizuri, hivyo vipandikizi vichache vinafanya kazi ambayo kwa nywele zilizonyooka ingehitaji vingi zaidi. Mwenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba kupita jeraha lenyewe, aseme mapema. Mwenye vipele sugu vya kisogoni vinavyoacha uvimbe mgumu atibiwe hivyo kwanza.

Siku yenyewe mstari wa mbele huchorwa ukiwa umeketi, si umelala. Sehemu ya katikati hukaa kiasi cha sentimita 7 hadi 9 juu ya nafasi kati ya nyusi, na panja huachwa zikiwa na kona. Watu hung'ang'ania mstari ushushwe na panja zizibwe, na hapo ndipo wanapoharibu: mstari wa kijana kwenye uso wa mtu wa miaka 50 hushtua, na umekula akiba bure. Baada ya kunyolewa inakuja ganzi ya lidokaini iliyochanganywa na adrenalini ili kupunguza damu. Sindano za ganzi ndizo zinazouma, hasa kwenye paji la uso; baada ya hapo utasikia kuguswa tu. Unalala kifudifudi wakivuna, kisha chali wakipanda. Vipandikizi 2,000 ni kazi ya saa 6 hadi 8.

Vipandikizi hufa kwa kukauka. Vinapaswa kukaa ndani ya maji ya chumvi ya hospitali yaliyopozwa, au kimiminika maalumu cha kuhifadhia, na anayepanda ashike mafuta yaliyozunguka mzizi, asibane mzizi wenyewe. Safu za mwanzo kabisa zipandwe vipandikizi vya unywele mmoja, kwa mpangilio usio sawa, chale (vitundu vinavyokatwa kwenye ngozi ili kuvipokea) zikiwa zimelalia mbele. Chale zikisimama wima, nywele zitasimama hivyo hivyo maisha yote na hakuna kitana kitakachozilaza. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kulipa ni nani hasa atakayekata chale. Chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji huu, ISHRS, kimekuwa kikionya juu ya kliniki ambako daktari husalimia asubuhi na kazi yote hufanywa na mafundi wasio na leseni.

Uangalizi wa siku 10 za mwanzo una uzito kama operesheni yenyewe. Siku za mwanzo unapuliza maji ya chumvi kila nusu saa hadi saa moja ukiwa macho, ili vigaga visikauke vikawa vigumu. Unalala kichwa kimeinuliwa. Uvimbe wa paji la uso hushuka hadi kwenye macho kati ya siku ya pili na ya nne. Unatisha lakini ni maji tu, na barafu inawekwa kwenye paji, si juu ya vipandikizi. Kuosha huanza siku ya pili au ya tatu kadiri daktari atakavyosema: povu unalitengeneza viganjani, unalibandika bila kusugua, kisha unamimina maji ya vuguvugu kwa kikombe. Bomba la mvua lenye nguvu likae mbali. Kuanzia siku ya saba hivi unalowesha vigaga kwa dakika 10 hadi 15, unavizungushia ncha za vidole polepole, na vingi hutoka. Kigaga kikitoka na kipande cha unywele usiogope, mzizi umebaki ndani. Kikitoka na damu mbichi, hicho ni kipandikizi kimeng'oka. Kufika siku ya 10 vipandikizi vimeshika.

Kuanzia wiki ya pili hadi ya nane nywele zilizopandwa hunyonyoka karibu zote, na wakati mwingine za jirani nazo hudondoka kwa mshtuko. Mwezi wa tatu unaweza kuwa na sura mbaya kuliko ulivyoanza. Hapo ndipo watu huandika malalamiko makali ambayo hayana maana bado. Mwezi wa nne zinatoka nyembamba kama za mtoto, wa sita umefika kama nusu ya safari. Vipele hujitokeza kati ya mwezi wa pili na wa nne pale nywele zinapopasua ngozi. Kitambaa cha maji ya moto kiasi kinasaidia, kuminya kunaharibu. Vikienea au vikitoa usaha mwingi, mwone daktari.

Dawa. Watu hawapendi sehemu hii. Nywele zilizopandwa zitabaki, lakini za asili zilizo katikati yake zinaendelea kupungua kama hujazilinda. Finasteride miligramu 1 kwa siku hupunguza DHT. Minoxidil ya asilimia 5 hupakwa na huchochea ukuaji, ingawa wiki za mwanzo inaweza kunyonyoa. Finasteride kwa wanaume wachache hupunguza hamu ya tendo la ndoa au nguvu za kiume, na wengine huathirika kihisia. Asiyeambiwa hilo na daktari amedhulumiwa. Pia hushusha PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza tezi dume, kwa karibu nusu, kwa hiyo anayekupima lazima ajue unaitumia. Mjamzito asiguse vidonge vilivyovunjika.

Wapo wasiofaa kabisa. Kijana chini ya miaka 25 ambaye upara wake haujaonyesha unakoelekea. Mtu ambaye nywele zimepungua hata kisogoni, maana atakuwa anahamisha mizizi dhaifu. Mwenye ugonjwa unaounguza ngozi na kuacha makovu. Mvutaji sigara naye anahatarisha damu kutofika vizuri kwenye ngozi iliyopandwa. Ikianza kuwa nyeusi na kuuma katikati, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Kwa picha za kabla na baada, angalia mwanga, umbo na unyevu. Ujanja wa kawaida ni nywele zilizolowa chini ya taa kali upande wa kabla, na nywele kavu zilizonyunyiziwa unga wa kufunika ngozi upande wa baada. Dai picha ya nywele zilizolowa, zikiwa zimechanwa nyuma, kutoka juu na kutoka kisogoni, mwezi wa 12 au baadaye. Dai pia karatasi ya idadi: vipandikizi vya unywele mmoja vingapi, vya mbili vingapi, vya tatu vingapi. Wanaotoza kwa kipandikizi wana mchezo wa kupasua kikundi cha nywele mbili kikawa viwili vya unywele mmoja. Bili inapanda bila unywele hata mmoja kuongezeka. Karatasi hiyo ihifadhiwe: daktari wa mara ya pili ataihitaji kujua kisogoni kimebaki kiasi gani.