Hospisi ya nyumbani iliyomhudumia mama: nyota 4 kati ya 5

Nimekaa na hili jambo miezi kadhaa nashindwa kuandika, ila juzi kuna mtu kaniuliza ile timu ya hospisi, yaani wale wanaomtunza nyumbani mgonjwa asiyetarajiwa kupona, iliyokuwa inakuja kwa mama ikoje, nikajikuta naongea nusu saa nzima, basi bora niweke na hapa.

Mama alikuwa na saratani ya kongosho iliyoshafika kwenye ini. Baada ya kemo ya pili akasema imetosha, anataka kukaa nyumbani. Kaka alikataa katakata, tukagombana palepale mbele ya mgonjwa, na mimi nilikuwa upande wa mama lakini moyoni naona kama tunamtelekeza.

Nesi siku ya kwanza kaingia, katusalimia sote, halafu akavuta kiti akakaa karibu kabisa na mama akamuuliza, "Mama, sasa hivi kinachokusumbua kuliko vyote ni nini?" Wote tulijua atasema maumivu. Akasema kuwashwa. Ile manjano ya ngozi na macho, ya ini, ilikuwa inamwasha mwili mzima, usiku anajikuna mpaka shuka lina damu, na miezi yote ya kwenda na kurudi hospitali hakuna aliyemuuliza, hata sisi wanawe! Jioni ile akapata dawa na losheni, na usiku wa pili alilala. Mimi wakanipata hapo.

Mofini, ile dawa kali ya maumivu, ndo iliyotutisha zaidi, kaka aliamini ukishaanza tu ndo umeshamuua. Nesi alimwelewesha taratibu bila kumdharau: unaanza na dozi ndogo, unapandisha kufuata maumivu, na ikipimwa vizuri siyo inayomaliza mtu. Ya maji inatolewa kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa, usisubiri maumivu yarudi, na kuna dozi ya ziada yakichomoza katikati. Dawa ya kulainisha choo alipewa siku hiyohiyo kwasababu mofini inafunga choo, na choo kikifunga mgonjwa anateseka upya.

Halafu wanakufundisha kwa mikono, siyo karatasi. Kumgeuza mtu aliyekonda bila kumuumiza: watu wawili, mnakunja shuka la chini pembeni mnavuta pamoja, mto mmoja katikati ya magoti. Kumlowanisha mdomo kwa sponji ndogo, kumpaka midomo mafuta. Na kuacha kumlazimisha kula, hili lilinitoa machozi maana nilikuwa namfuata na kijiko kutwa nzima, nesi akaniambia mwili wake haukitumii tena chakula kama zamani, akitaka kidogo mpe, akikataa muache.

Kuna dada wao wa ustawi wa jamii, yeye ndo aligundua mama usiku anakesha kwa ajili ya ugomvi wetu. Akamkalisha kaka na mama peke yao, mlango umefungwa, karibu saa nzima. Kaka katoka macho mekundu hakusema neno, na kuanzia kesho yake yeye ndo akawa mpimaji wa mofini, anaandika kila dozi kwenye daftari. Baadaye nikasoma habari za Cicely Saunders, aliyeanzisha St Christopher's Hospice kule London mwaka 1967, alianza kama nesi, akawa mtu wa ustawi wa jamii, mwisho akasomea udaktari, na alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili na ya moyo na ya familia na ya roho kwa pamoja. Nikasema kumbe, ndo maana timu yao iko vile.

Nyota niliyopunguza ni ya usiku mmoja wa Jumamosi, mama pumzi zinambana, ile namba wanayosema ya saa 24 inaita tu haipokelewi, dakika kama arobaini. Tulimkalisha wima, dirisha wazi, feni usoni, tukampa dozi ya ziada kama tulivyofundishwa, akatulia. Asubuhi walikuja wakaomba radhi na hawakutafuta visingizio, lakini zile dakika sitazisahau. Kabla hujajiunga waulize usiku anapokea nani, na asipopokea unampigia nani. Na msichelewe kama sisi, tulipata wiki 5 tu na zingeweza kuwa nyingi zaidi.

Siku za mwisho walishatuambia mapema kwamba pumzi itakata kidogo halafu irudi, koo litakoroma, tuendelee kuongea naye maana huenda bado anasikia. Kwahiyo ilipofika hatukukimbizana na gari, tulikaa. Kaka alikuwa anamsomea daftari lake la dozi, sijui kwanini, tarehe na saa, tarehe na saa, na mama akaondoka hivyohivyo alfajiri.

Wiki 2 baadaye nesi akaja kuchukua mofini iliyobaki. Akahesabu chupa, akasaini, akaweka begi chini, akakaa kwenye kile kiti chake akaniuliza, "Na wewe, unalala?"