Kiungio cha boza la samadi: pima tundu kabla hujauliza bei

Boza langu la lita 3,000 lilinipigia ngoma miezi minne nzima. Trekta ikiondoka, go! Ikifunga breki, go! Kijana anayeniendeshea akanituliza: "Mama, hiyo ni kawaida, ni samadi inayumba mle ndani." Nikakubali. Hadi siku tuliyokuwa tukimwagia napia kule Mwakirunge, nikainama kuangalia mwenyewe. Tundu la ringi, lile pete la chuma kwenye mkono wa boza linalovishwa pini ya trekta, lililokuwa duara, limekuwa kama yai. Pini imepinda kama ndizi. Na vyote viwili nilivinunua vipya!

Kosa lilikuwa hili: ringi yenye tundu la milimita 50 ilikuwa imevishwa pini ya milimita 28, zile za kushikia majembe kwenye mikono ya chini ya trekta. Hapo pamebaki nafasi ya milimita 22, kidole gumba changu kinapita bila shida.

Wanunuzi huuliza kinavuta tani ngapi na kama ni chuma kizito. Sawa, waulize, mengi yamegongwa kwenye kibao cha kiungio chenyewe. Mimi nasumbuka na jambo moja tu: ringi itacheza kiasi gani juu ya pini? Samadi ya maji ina uzito karibu sawa na maji, kwa hiyo lita 3,000 ni kama tani 3, chuma cha boza bado hujakihesabu. Tena boza lililojaa pomoni si baya sana. Baya ni la nusu, maana samadi imepata uwanja wa kukimbilia. Ukifunga breki inakuja mbele, ukiondoka inarudi nyuma, na kila safari ringi inavuka ile nafasi na kuigonga pini kama nyundo. Ukipanda mlima ndiyo balaa, mzigo wote unakalia nyuma na pua ya boza inataka kuinuka. Na sisi wa Pwani tuna chumvi hewani, kutu inaila ringi hata boza likiwa limelala bandani.

Chaguo langu la kwanza ni kiungio cha tufe cha kampuni ya Scharmüller, kile cha milimita 80. Ndiyo, napendelea, na sioni haya kusema. Tufe liko kwenye trekta, kikombe kiko kwenye mkono wa boza, na juu kuna kibano kinachozuia kikombe kisinyanyuke. Hakuna pini ya kugongwa. Nilikaa juu ya trekta ya jirani yenye kiungio hicho, tukashuka hadi daraja la Mtwapa na kupanda upande wa pili, sikusikia hata mlio mmoja. Shida ni kwamba trekta kuukuu kama Massey Ferguson 240 yangu inahitaji kwanza fremu ya kukifungia huko nyuma, na fremu nayo ni hela. Kwa hiyo mimi mwenyewe bado natumia la pili.

La pili ni ringi ya milimita 40 inayozunguka, iliyofungwa kwa boliti, ikivishwa pini ya milimita 38. Nafasi ni milimita 2 tu. Lakini sikiliza hapa, maana wengi hukosea wakishasikia habari ya kubana: ringi ikibana na haizunguki, boza likilalia upande mmoja shimoni huku trekta imesimama wima, msokoto wote unaingia kwenye mshono wa kuchomelea na siku moja unapasuka. Hakikisha inazunguka. Na boliti ni kwa faida yako, ringi ikiliwa unafungua unaweka nyingine. Fundi akikwambia atalijaza lile tundu kwa kuchomelea, mshukuru na uondoke. Moto unaharibu ugumu wa chuma kilichofuliwa, na kikikatika hakikupigii hodi.

Kulabu ni rahisi kwa anayefungua na kufunga mara nyingi kwa siku, ila usinunue isiyo na kufuli juu. Kumbuka ile pua inayotaka kuinuka.

Ringi za kuchomelea za bei poa na pini za nondo: hapana.

Ukichagua chochote, weka mnyororo wa usalama, na ujaribu kukata kona hadi mwisho ukiangalia shafti inayotoka kwenye trekta kuzungusha pampu ya boza. Kiungio kikikaa karibu mno na trekta, shafti inajibana na kuharibika.

Sasa wauzaji. Nilipouliza saizi ya ile ringi yangu ya kwanza, nilijibiwa, "Ni saizi ya trekta, mama." Saizi ya trekta! Viatu navyo viuzwe saizi ya mguu? Bei nayo, mimi nilitajiwa 14,500. Nikampa mjomba simu apige duka lilelile, akaambiwa 11,000. Kontena linashuka hapa Kilindini, mlangoni petu, na rafiki yangu wa Nakuru amenunua kwa bei ndogo kuliko yetu. Ukiomba risiti yenye kipimo unaonekana mchokozi.

Siku hizi natembea na kalipa, kile chombo cha kupimia upana wa tundu, mkobani. Juzi muuzaji mmoja akaniuliza kama mimi ni daktari. Nikaitia kwenye ringi aliyoapa ni ya 40, mpya, rangi haijakauka vizuri. Ikasoma 43.