Trei ya kuoteshea mbegu yenye kifuniko: inafaa, ila kifuniko kisisahauliwe

Trei hii ya plastiki yenye vishimo 72 nimeitumia ndani ya nyumba kuotesha nyanya na pilipili hoho za kupikia nyumbani, na ninaisifu kwa dhati, kwa kuwa kifuniko chake kinachopitisha mwanga huhifadhi vizuri unyevu ambao mbegu huuhitaji ili ziote. Hata hivyo, miche ikishachomoza kifuniko kiondolewe mara moja, kwani hewa ikituama humo hukaribisha kinyausi, ugonjwa unaolainisha shina kwenye usawa wa udongo hadi mche unaanguka. Vishimo, kwa maoni yangu, ni vidogo mno kwa nyanya, ambazo mizizi yake huvijaza mapema na kulazimu kuhamishiwa kwenye vikopo. Hoho, zinazokua taratibu, huvumilia zaidi.