DELF B1: Kifaransa cha Kariakoo kilivyonichongea

Mwaka wa sita huu nauza vitenge Kariakoo, na nusu ya wateja wangu wanatoka Lubumbashi na Bujumbura. Kifaransa nimekiokota hapohapo kaunta, nikakipiga msasa kwa masomo ya jioni. Kwa hiyo nilipojiandikisha DELF B1, mtihani wa Kifaransa wa ngazi ya kati, nilijiona nimeshafaulu, bado karatasi tu.

Kusikiliza ndiko kulikonitoa jasho. Msemaji kwenye rekodi akataja bei: quatre-vingt-quinze, yaani tisini na tano. Sasa wateja wangu, tisini kwao ni nonante, basi. Huyu wa Ufaransa anakutajia nne mara ishirini halafu ujumlishe kumi na tano! Nikiwa bado napiga hesabu, rekodi imeshafika mbali. Nashukuru walirudia mara ya pili. Kituo nilichofanyia nacho kilituwekea spika moja mbele, sisi wa nyuma tukawa tunashindana na feni na honi za bodaboda. Ukienda, wahi kiti cha mbele.

Kusoma ni dakika 45, hakukunisumbua. Kuandika wanataka maneno yasiyopungua 160. Niliyahesabu kwa ncha ya kalamu.

Mazungumzo nimeyapenda. Ni kama robo saa tu, na dakika 10 za kujiandaa ni za ile sehemu ya mwisho peke yake. Igizo unaingia mkavu. Langu nilikuwa mteja anayedai arudishiwe hela ya viatu vilivyobanduka soli. Mimi, ninayedaiwa hivyo kila wiki! Nilimwaga maneno yote niliyowahi kutukaniwa dukani, yale ya heshima lakini, mpaka mtahini akacheka. Nikapata 21 kati ya 25. Kusikiliza, 9. Kufaulu ni 50 kati ya 100, ila ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka hata kama kwingine umeng'ara.

Cheti chake hakiishi muda. Lakini kama unawaza kuhamia Kanada, usipoteze hela yako hapa: uhamiaji wa serikali yao kuu wanataka TCF Canada au TEF Canada, na matokeo ya hiyo mitihani yanadumu miaka 2.

Diploma yenyewe bado naisubiri. Hati ya muda nimeibandika juu ya kaunta. Mama mmoja wa Lubumbashi aliisoma yote, akanipongeza, kisha akaomba nimpunguzie.