Kotesheni tatu za sola mezani: ipi usaini, ipi urudishe

Ukiomba bei kwa mafundi watatu wa sola Dar es Salaam, utaletewa karatasi tatu ambazo hazifanani hata kidogo. Wa kwanza kaandika "sistimu 5kVA kamili" na jumla chini. Wa pili kaorodhesha paneli sita na betri nne. Wa tatu kaweka jina la inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumia nyumbani) kwa herufi kubwa, mengine yote kayafungia kwenye mstari mmoja: "vifaa vya ufungaji". Bei zinapishana kwa mamilioni, na wengi huishia kuchukua ya katikati kwa kudhani ndiyo salama. Kabla hujaangalia bei, zibadilishe zote tatu ziwe uniti, hizohizo unazonunua kwa LUKU.

Uniti zako unazipata bila fundi. Soma salio kwenye mita saa 12 jioni, lisome tena saa 12 asubuhi, rudia siku tatu nne. Tofauti yake ndiyo matumizi yako ya usiku, na hicho ndicho kipimo cha betri. Nyumba yenye friji moja, feni mbili, runinga na taa za LED huwa inakula kama uniti 2.5 hadi 3 usiku kucha. Fundi anayekupa bei bila kuuliza namba hii, au bila walau kufungua mlango akaona una friji gani na pampu gani, anakuuzia alichonacho stoo.

Sasa betri, maana hapa ndipo karatasi hudanganya vizuri zaidi. Zidisha V kwa Ah, gawanya kwa 1,000, unapata uniti: betri ya 12V, 200Ah ina uniti 2.4. Nne zinafanya 9.6, namba inayovutia. Lakini betri za asidi, na hata zile za jeli, hazipendi kushushwa chini ya nusu. Ukizizoesha hivyo zinakufa mapema. Kwa hiyo cha kutumia ni kama 4.8. Betri moja ya lithiamu ya 51.2V, 100Ah ina uniti 5.12, nayo unaweza kuishusha hadi ibaki asilimia 20 bila wasiwasi, yaani unapata kama 4.1. Kwenye karatasi ya betri nne umeonyeshwa karibu mara mbili, ndani ya nyumba tofauti haizidi uniti moja. Kisha angalia umri: jeli inayotumika kila siku kwa nusu hukaa miaka michache tu, wakati lithiamu aina ya LFP (ya chuma na fosfeti) huandikwa mizunguko 4,000 na zaidi ya kujaa na kushuka, ambayo kwa mzunguko mmoja kwa siku ni zaidi ya miaka kumi. Gawanya bei ya betri kwa uniti zinazotumika, kisha kwa miaka. Ile iliyoonekana rahisi mara nyingi haibaki rahisi.

Paneli ni rahisi kukagua. Kwa jua la Dar, kila kilowati 1 ya paneli iliyofungwa vizuri huleta takribani uniti 4 kwa siku, na hupungua wakati wa masika. Paneli sita za wati 550 ni kilowati 3.3, basi tegemea kama uniti 13. Mtu akikuahidi 25 kwa paneli hizohizo, mrudishie karatasi yake. Chukua na futi: paneli halisi ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.28 na upana wa mita 1.13. Hakuna paneli ya kawaida sokoni inayozidi wati 250 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo kipande cha mita moja kwa sentimita 67 kilichobandikwa stika ya "300W" ni stika tu. (Zile taa za uani zilizoandikwa 1000W na paneli yake yenye ukubwa wa daftari tuziache, hata muuzaji mwenyewe huwa anacheka.)

Kwenye inveta, uliza ni kVA au kW. kW ndiyo mzigo halisi, na 5kVA nyingine hubeba 4kW tu. Uliza pia inavumilia kiasi gani kwa sekunde chache, kwa sababu pampu ya maji ya nguvu farasi moja hutumia wati 750 na zaidi ikiwa inazunguka, lakini inapowaka huvuta mara kadhaa ya hapo. Na iwe pyua sainwevu, yaani inayotoa umeme laini kama wa gridi. Mota ya friji kwenye inveta ya bei chee hunguruma na kupata joto.

Turudi kwenye ule mstari wa "vifaa vya ufungaji". Mwambie aufungue, kitu kimoja kimoja. Waya za kutoka kwenye paneli ziwe za sola, milimita 4 au 6 za mraba, zenye ganda linalovumilia jua, si waya wa kawaida wa nyumba uliopitishwa kwenye bomba. Breka za upande wa paneli ziwe za DC, umeme wa paneli na betri, si za AC, umeme wa TANESCO. Hili msilipite haraka: umeme wa AC hugusa sifuri mara mia kwa sekunde, hivyo cheche inayozuka breka inapofunguka hujizima, wa DC haugusi sifuri, cheche inaendelea kuwaka, na breka ya AC iliyowekwa pale inaweza kuyeyuka ukutani. Kuwe na kinga ya radi na waya wa ethi unaoshuka ardhini kweli. Kuhusu paa: skrubu ziingie kwenye mbao za kenchi, si kwenye bati peke yake, na kila tundu liwe na washa ya mpira. Kwa wa Kigamboni, Mbezi Beach, Tanga na Mombasa, reli ziwe za aluminiamu na nati za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chumvi ya bahari haimsubiri mtu. Kwa Dar paneli zielekee kaskazini, zikiinama kiasi cha digrii 10, ili mvua izioshe yenyewe.

Muuzaji atakwambia mtambo "unajilipa". Mwulize uko kwenye tarifu ipi. Aliye D1, tarifu ya nyumba zenye matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na makato. Bili yake ya umeme haifiki 10,000 kwa mwezi. Huyo hawezi kurudisha pesa ya sola kwa kuokoa umeme, ananunua utulivu wakati umeme ukikatika, na hakuna ubaya. Aliye T1, tarifu ya matumizi ya kawaida, analipa 292, takribani 356 na makato. Hapo hesabu ina maana, ila tu kwa uniti anazozitumia. Kama nyumba iko tupu mchana na betri imejaa saa sita, zinazobaki hazikulipi.

Kwa hiyo aina za mitambo utakazoletewa mimi nazipanga hivi, kuanzia ya kusaini hadi ya kurudisha.

Ya kwanza, kwa mwenye nyumba yake aliye T1: inveta ya haibridi (inayofanya kazi na paneli, betri na gridi kwa pamoja), betri moja ya lithiamu yenye nafasi ya kuongeza nyingine, na paneli zinazotosha matumizi ya mchana na kujaza betri. Usinunue paneli kumi kwa sababu paa lina nafasi.

Ya pili, na kwa mpangaji au mtu wa D1 ndiyo ya kwanza: inveta na lithiamu inayochajiwa na TANESCO, bila paneli kwa sasa. Ukihama unabeba.

Ya tatu ni paneli bila betri, zilizounganishwa na gridi. Ni rahisi na inafaa saluni au duka lenye majokofu mchana, lakini umeme wa gridi ukikatika nayo inajizima, hata jua likiwa kali. Wengi hawaambiwi. Kenya kuna kanuni za mwaka 2024 za kubadilishana umeme na gridi, hivyo huko iulizie zaidi.

Ya mwisho ni betri nne za jeli kwa bei ya kuvutia.

Fundi akuonyeshe leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, au ya EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, kwa Kenya. Kwenye dhamana, "miaka 25" ya paneli ni ahadi ya kiwango cha uzalishaji. Ya kioo kupasuka au kifaa kuharibika ni nyingine na fupi zaidi. Inveta mara nyingi ni miaka 5. Iandikwe nani anaipokea ikiharibika, duka la hapa au kiwanda cha ng'ambo.

Malipo yawe kwa awamu, na ya mwisho isitoke kabla ya jaribio. Saa mbili usiku zima swichi kuu, washa friji, feni, runinga na pampu kwa pamoja, kisha kaeni na fundi saa nzima mkitazama asilimia za betri zinavyoshuka. Ikishuka zaidi ya hesabu yenu, abaki hapo atafute sababu.