Warne au Muralitharan katika kikosi cha ndoto?
Iwapo kikosi bora cha wakati wote cha kriketi ya Test (mechi za kimataifa za hadi siku tano) kina nafasi ya mrushaji mmoja tu wa mpira wa kuzunguka, takwimu zinamtanguliza Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka, aliyepata wiketi 800 (yaani aliwatoa wapigaji mara 800) katika mechi 133, ilhali Shane Warne wa Australia alipata 708 katika mechi 145. Hata hivyo, namchagua Warne, kwa kuwa zaidi ya nusu ya wiketi za mwenzake zilipatikana nyumbani, kwenye viwanja vilivyomfaa sana. Mpira wa Warne wa mwaka 1993 pale Old Trafford, uwanja wa kriketi wa Manchester, ulidunda nje ya miguu ya mpigaji wa Uingereza Mike Gatting, ukageuka ghafla, ukagonga kijiti cha upande wa pili kati ya vile alivyokuwa akivilinda, akawa ametolewa. Gatting alibaki amesimama, haamini.